Injini Imekunywa Maji

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alisimama kwenye mlango wa gereji, mkoba kaubana kwapani, akamtazama Fundi tangu viatu hadi nywele, kisha akageuza uso na kuanza kuyatazama matairi yaliyopangwa ukutani. Ile shikamoo ikabaki inaning'inia, haina wa kuipokea.

Kidoti alikuwa hatua mbili nyuma ya mama yake. Aliona Fundi alivyofumba macho mara moja na kuyafumbua. Wiki tatu tu zilizopita mama huyuhuyu alikuwa akimwitikia kwa marahaba ndefu yenye kicheko ndani yake, "Marahaba mwanangu, umekula?" Leo alimpita kama anavyopita kiti.

Mtu wa tatu aliyeingia ni Shemeji, mume wa dada yake Kidoti, mwenye gari. Shemeji alikuwa mwalimu wa hesabu. Akishakuuliza swali hukusubiri, hata kama utajibu kengele ikilia. Alisogea mpaka kwenye meza ya chuma, ambako Fundi alikuwa ametandaza shuka kuukuu na kuvipanga juu yake vipande vya injini, vimeoshwa kwa mafuta ya taa, vinang'aa kama vyombo vya harusi.

"Nionyeshe," Shemeji akasema.

Fundi akanyanyua kimoja. "Hii ni pistoni. Na huu mkono wa chuma unaoisukuma tunauita konrodi. Zipo nne. Hizi tatu ni nzima. Tazama hii."

Ya nne haikuhitaji macho ya fundi. Chuma kile, kinene kuliko kidole gumba, kilikuwa kimejikunja kiunoni kama bibi aliyeamka na mgongo.

"Kimepindwa na nini?"

"Maji. Injini imekunywa maji kwa njia ya kuvutia hewa. Hewa ukiibana inakubali. Maji hayakubali. Pistoni ikapanda, ikayakuta, ikalazimisha. Kilichoshindwa ndicho hiki."

"Nimeuliza mafundi wengine wawili," akasema Shemeji kwa sauti yake ya darasani. "Wameniambia kitu kimoja. Gari likizima majini haliwashwi tena. Unafungua plagi, unatoa maji, ndipo unagusa ufunguo. Wanasema hata anayejifunza wiki ya kwanza anajua hilo. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wewe una miaka mingapi katika kazi hii?"

"Kumi na miwili."

"Siku ile, baada ya gari kuzima, uliliwasha?"

Kidoti aliinua macho. Alingoja Fundi amtazame. Fundi hakumtazama, hata kwa pembe ya jicho, na hilo ndilo lililomkata. Alijua ni kwa makusudi. Mtu yeyote mle ndani angefuata macho yake na kumwona yeye.

"Niliwasha," akasema Fundi.

"Ukijua?"

"Nikijua."

"Kwa nini?"

Fundi akairudisha konrodi mahali pake kwenye shuka, akainyoosha isikae upande.

"Niliogopa, mwalimu. Nikachanganyikiwa. Sina jibu jingine."

Ulikuwa uongo. Na waliojua kuwa ni uongo mle gereji walikuwa wawili tu.

Asubuhi ya siku ile mvua ilikuwa na siku ya tatu haijapumzika. Shemeji alikuwa safari ya kusimamia mitihani, na gari lake kaliacha kwa Fundi libadilishwe breki. Dada, mwenye mimba aliyoingojea miaka saba, aliamka akaona damu. Kidoti akampigia simu mchumba wake. Fundi hakuuliza maswali. Dakika kumi baadaye alikuwa mlangoni, nguo zimemganda mwilini.

Pale barabara inaposhuka kabla ya daraja palikuwa pamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Fundi alishuka, akapima kwa mguu wake mwenyewe, akaona yako chini ya goti. Akaingia kwa gia ya kwanza, taratibu, bila kuachia mafuta. Wangepita. Lakini lori likatokea upande wa pili, dereva hana habari na mtu, likasukuma wimbi lililopanda mpaka juu ya boneti. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Hakuna kugusa kitu," Fundi akasema, tayari anavua viatu. "Nipeni robo saa. Nafungua plagi, natoa maji, tunaondoka. Robo saa tu."

Kidoti alikuwa kiti cha nyuma, kichwa cha dada yake kiko mapajani. Aliinua mkono wake akauona mwekundu mpaka kwenye kifundo.

"Robo saa ya nini? Washa!"

"Nikiwasha sasa nitaivunja."

"Dada ananifia! Washa! Fundi, kama unanipenda kweli, washa!"

Fundi akamtazama kwenye kioo cha ndani. Mwanamume huyu, msomaji wangu, alikuwa akiijua injini kama mzazi anavyokijua kilio cha mwanawe. Alijua kitakachotokea. Akazungusha ufunguo.

Ikalia ko! mara moja, kama nyundo kwenye sufuria. Basi.

Fundi alimbeba Dada mgongoni, maji yaliyozidi kupanda yakimpiga mapajani, Kidoti nyuma akimshikilia kiuno. Ng'ambo walipata lori la mchanga lililokubali kuwachukua. Walifika hospitali baada ya saa moja na dakika ishirini. Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, kichwa kimejaa nywele. Hakulia. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwaambia, "Mngewahi hata nusu saa..." akaona nyuso zao, akaiacha sentensi yake pale pale.

Kidoti alipiga hesabu. Robo saa ya kufungua plagi, na dakika kumi za njia. Alizipiga usiku ule, akazipiga kesho yake, na mpaka siku hii ya gereji alikuwa bado anazipiga.

"Umemsikia kwa kinywa chake," Mama akasema, akimwambia Shemeji. "Alijua, na akafanya. Mimi sina elimu ya konrodi. Ninachojua ni kuwa mjukuu wangu yuko chini ya udongo." Ndipo akamgeukia Fundi, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Na wewe sikiliza, sitarudia. Uchumba wako na binti yangu umeishia hapa, mezani pako. Sikuja kwa kelele, wala sitakutukana. Lakini mikono hiyo haitamshika mwanangu."

"Nimesikia, mama."

"Usiniite mama."

"Mama, ngoja kwanza..." Kidoti akaanza.

"Wewe ngoja nini? Hujashiba? Nenda katoe vitu vya dada yako kwenye buti tuondoke. Harufu ya hapa inanipanda kichwani."

Kidoti akageuka. Akaenda. Na kila hatua aliyopiga alijiona mdogo, mdogo, mpaka alipofika kwenye gari alikuwa ametosha kuingia kwenye tundu la sindano.

Gari lilikuwa uani chini ya bati, milango yote minne imefunguliwa. Viti vilikuwa vimetolewa na kuegeshwa ukutani, vinakaushwa. Kiti cha nyuma kilikuwa kimegeuzwa uso ukutani. Mtu alikisugua sana, lakini si cha kusugulika. Tope lilikuwa limechora mstari ndani ya milango, ulionyooka kama rula, kuonyesha maji yalipofika. Kidoti alizungusha ufunguo wa buti, ukagoma.

"Kufuli limejaa tope. Ngoja."

Fundi alikuwa nyuma yake. Akachukua ufunguo bila kugusa vidole vyake, na kutogusa huko kulikuwa kugumu kwa wote wawili, maana nafasi yenyewe ilikuwa finyu. Harufu yake ilikuwa ileile: sabuni ya kipande na mafuta ya taa. Kidoti akaielekea harufu ile kabla hajajikataza.

Mwaka mmoja nyuma, Fundi aliingia kwenye chumba cha cherehani cha Kidoti na ovaroli mbili zilizochanika magoti. Kidoti alimtazama akasema hizi si nguo, ni nyavu. Fundi akacheka, akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Kitendawili!"

"We, nina kazi."

"Kitendawili!"

"Haya, tega basi uende zako."

"Mlevi wangu hunywa kutwa nzima halewi. Siku akinywa maji, anakufa."

"Moto."

"Moto haunywi kutwa. Umeshindwa, nipe mji."

"Nakupa mji wote huu, na soko lake na vumbi lake. Niachie cherehani yangu tu."

"Cherehani bila mwenyewe ya nini? Nauchukua mji na mshonaji ndani." Akainuka, akafika mlangoni ndipo akatoa jibu. "Ni injini."

Kidoti alicheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni. Tangu siku hiyo ovaroli za Fundi zilikuwa zikichanika kila wiki, na mahali penyewe pa kuchanikia pakawa pa ajabu ajabu. Mtu gani anachanika mfuko wa ndani?

Sasa kufuli likaachia. Kifuniko kikapanda. Mle ndani, juu ya tairi la akiba, palikuwa na mkoba wa kitambaa cha maua, umekakamaa kwa tope lililokauka.

"Sikuufungua," Fundi akasema. "Niliona si haki yangu."

Kidoti hakuhitaji kuufungua. Alikuwa ameushona mwenyewe, na vishati sita vilivyokuwa ndani, na kofia mbili. Aliukumbatia. Ulinuka kama mtungi uliosahauliwa.

"Kwa nini unanisitiri?" akauliza, macho kwenye mkoba.

"Nani kakusitiri? Ufunguo niliuzungusha mimi."

"Nilikuambia kama unanipenda."

"Ndiyo. Na nilikupenda. Ndiyo taabu yenyewe."

"Usinifanyie hivi, Fundi. Mama anakutazama kama muuaji. Mwalimu anakuuliza maswali kama mwizi wa mtihani, na mimi nimesimama pale nimefunga mdomo kama gunia."

"Dada yako anakula?"

"Mbona unabadili maneno?"

"Nauliza. Anakula?"

Kidoti akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Anakula nikimlisha mimi. Mama akipeleka sahani inarudi ilivyo. Hata mumewe. Mimi tu."

"Sasa umejijibu. Ukisema, atalishwa na nani?"

Hapo Kidoti alimwinulia macho. Fundi alikuwa amekonda. Ndevu zilimwota ovyo upande mmoja, mtu ambaye zamani hakukosa kunyoa akijua atapita chumba cha cherehani. Walitazamana hivyo, mkoba wa mtoto katikati yao. Ungekuwepo ungesema hawa watu wawili wamesimama kando ya maji wanaangaliana kutoka ng'ambo hii na ng'ambo ile.

"Nimepata kazi," Fundi akasema. "Mbali. Magreda ya kampuni ya barabara. Jumatatu naondoka."

"Jumatatu hii?"

"Hii."

"Utarudi?"

"Kurudi kwa nani, Kidoti?"

Hakulisema kwa ubaya. Lingekuwa jepesi kidogo kama angelisema kwa ubaya.

"Sema neno moja tu," Kidoti akanong'ona, "nitaingia humo ndani sasa hivi niwaambie wote."

"Silisemi. Mimi na wewe tuliponzwa na neno moja. Linatosha."

"Kidoti!" Sauti ya Mama ikatoka ndani. "Umelala huko uani?"

Fundi akafunga buti taratibu, kwa viganja viwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Akageuka akarudi kwenye vyuma vyake. Kidoti alibaki akiutazama mgongo ule, akaona kiraka begani. Alikishona mwenyewe, kwa uzi wa rangi isiyolingana, kwa makusudi, ili kila mtu ajue fundi huyu ana mwenyewe.

Walipofika nyumbani Mama alitenga chai sebuleni, Shemeji akatoa rundo la madaftari yake ya kusahihisha, na Kidoti akapita moja kwa moja chumbani.

Dada alirudi kwa Mama tangu atoke hospitali, akalala kwenye kitanda chao cha utotoni, yeye ukutani na Kidoti ukingoni, kama zamani. Alikuwa amelala ubavu. Mawingu yalikuwa yamekifanya chumba kiwe kama jioni, ingawa saa nane haijafika.

"Mbona umekaa gizani, dada?" Kidoti akabonyeza swichi mwenyewe.

"Kitambaa kimelegea. Yameanza tena."

Kidoti akajua. Maziwa yalikuwa bado yanamjia, machache, lakini yanamjia. Wiki tatu, na hayana habari kwamba hayatakiwi. Kidoti alikuwa amemshonea mkanda mpana wa kukifunga kifua, wenye vishikizo mgongoni, na asubuhi na mchana ndiye aliyemkaza. Akauficha mkoba wa maua nyuma ya mlango, akakaa kitandani, akaanza kufungua kishikizo kimoja kimoja.

"Mama amenipigia simu toka gereji," Dada akauambia ukuta. "Anasema fundi wako amekiri."

"Hakukiri. Alidanganya."

"Alidanganya nini? Hakuwasha?"

"Alizungusha ufunguo. Lakini aliomba robo saa kwanza. Aliomba, dada, alikuwa ameshavua na viatu. Mimi ndiye..." Mikono ikamsimama kwenye kishikizo cha tatu. "Mimi ndiye niliyemwambia..."

"Niliyemwambia nini?"

"Niliyemwambia a..."

"Liseme."

Kidoti alifungua mdomo. Neno lilifika kwenye meno likarudi.

"Wiki tatu unalikimbia," Dada akasema, bado anautazama ukuta. "Jiko unaniambia 'piga kiberiti'. Taa unasema 'bonyeza ile'. Juzi Mama kakutuma uwashe redio asikilize taarifa, ukatoka nje ukaanika nguo ambazo zimeshakauka. Ulidhani mimi nimelala tu hapa kama mto?"

"Ulijua?"

"Kichwa changu kilikuwa mapajani mwako, Kidoti. Sikio langu lilikuwa kwenye tumbo lako. Mimi neno lile nililisikia likipanda kabla hujalitoa."

Kitendawili, msomaji wangu: mzigo mmoja, wachukuzi watatu, na kila mmoja anadhani kaubeba peke yake. Ukishindwa usinipe mji. Jibu lilikuwa limekaa pale kitandani na mkanda mkononi.

"Basi kwa nini..." Kidoti akaanza tena. "Kwa nini umemwacha asemwe? Umemsikia Mama anavyomwita. Na Jumatatu anaondoka, kapata kazi mbali."

Dada akageuka. Ilimchukua muda, maana bado alikuwa na maumivu, na Kidoti alipomsaidia begani hakukataa. Uso wake ulikuwa mkavu. Watu waliokuja kumpa pole walimsifu kwa ukavu ule, wakasema ana moyo mkubwa.

"Yule si ndugu yangu," akasema. "Yule naweza kumchukia nikiamka, nikamchukia mchana, nikamchukia na usiku, na katikati yake nikaoga, nikala, nikalala. Nimejaribu, inawezekana. Sasa wewe. Wewe nikikuchukia nani atanifunga kifua hiki? Nani atanilisha? Mimi nitabaki na nani?"

Kidoti akamvutia shuka begani.

"Nakuomba kitu kimoja. Mwache aende hiyo Jumatatu. Akishakuwa mbali nitapata nafuu. Nitakuwa na mtu wa mbali wa kumtupia. Mimi na wewe tutakaa hivi hivi, tutazeeka, na jambo hili hatutaligusa tena mpaka mmoja atangulie. Mdogo wangu, nimewahi kukuomba nini?"

Hakuwahi. Ndiye aliyemshika Kidoti mkono siku ya kwanza ya shule. Ndiye aliyevunja kibubu chake ili cherehani ya kwanza inunuliwe, na hakuwahi kulitaja tena. Kidoti alimtazama, akaona jinsi lingekuwa jambo rahisi. Kukaza vishikizo tu. Kwenda jikoni, kurudi na uji, kukaa kimya Jumamosi na Jumapili. Jumatatu basi la asubuhi lingeondoka na kila kitu.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi, au unamtaka?"

"Namtaka. Sitakudanganya, namtaka mpaka chakula hakipiti. Lakini hata ningekuwa simtaki, dada. Hata akaenda huko akaoa mke mwingine akanisahau. Mtu anaondoka na jina la muuaji, na jina lenyewe ni langu. Nitalalaje ukingoni mwa kitanda hiki nikijua limevaliwa na mwingine?"

"Utazoea."

"Ndicho ninachokiogopa."

Nje mlango wa kabati la vyombo ulifungwa. Mama alikuwa akimuuliza Shemeji kama chai imekolea sukari.

"Basi nichukie mimi," Kidoti akasema. "Niko hapa karibu. Hutapata taabu ya kunitafuta."

"Hujui unaomba nini." Sauti ya Dada ilikuwa imeshuka mpaka ikawa pumzi. "Hujui ninavyochukia siku hizi. Namchukia mwanamke wa nyumba ya pili kwa kuimba akimbembeleza wake. Nauchukia mwili wangu huu unaotoa maziwa kama mjinga. Nikikugeuzia wewe hiki kitu, Kidoti, sijui kama nitaweza kukirudisha."

"Sijui na mimi."

"Ukitoka mlango huo kwenda kuwaambia, usirudi kulala humu."

"Sawa, dada."

"Nasema kweli."

"Najua."

Kidoti akamzungusha taratibu, akamweka mgongo kwake. Akaukaza mkanda, kishikizo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho chini ya bega. Akapitisha kidole ndani kuona haukubana mno. Dada hakujitoa. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka kidogo chini ya vidole vya mdogo wake, na Kidoti alivibakiza pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Kisha akanyanyuka.

Sebuleni Mama alikuwa ameweka miguu juu ya kigoda, kikombe kifuani. Shemeji alikuwa ameinamia madaftari yake, kalamu nyekundu inakwenda. Aliongeza mstari mmoja wa kukosoa kabla ya kuinua kichwa, akaona uso wa shemeji yake, akaiweka kalamu chini.

"Kulikoni? Dada yako mzima?"

"Mzima. Shemeji, pale gereji uliuliza swali. Uliuliza kwa nini aliwasha akijua." Kidoti alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Hukujibiwa. Jibu ninalo mimi."

Mama akateremsha miguu. "Kidoti, usianze. Mambo ya yule mtu yamekwisha."

"Hayajaanza, Mama. Kaa kwanza."

"Mwache aseme," Shemeji akasema. Akaegemea kiti, mikono kaikunja, akasubiri kama anavyojua yeye kusubiri.

Nyuma yake Kidoti akasikia miguu mitupu sakafuni chumbani, hatua tatu nzito za mtu anayejishikilia ukutani. Alizihesabu. Alitumaini mlango ungefunguliwa, dada yake atoke, hata kwa kumtukana, hata kwa kumpiga. Komeo likasukumwa, chuma juu ya chuma, mpaka mwisho wake.

Mama aliutazama mlango ule, kisha akamtazama binti yake mdogo, na akakiweka kikombe chini.

Kidoti akauachia mgongo wa kiti.

"Nilikuwa kiti cha nyuma," akasema. "Fundi alikuwa anavua viatu."

Akaendelea, bila kuruka kitu, mpaka mwisho.